Kisutu cha Mama Kijakazi

Alhamisi saa saba mchana, duka la vitambaa pale Biashara Street lilifurika akina mama wa kununua mapazia. Joyline alikumbatia majora matatu, la zambarau, la manjano na la kijani, lakini yeye mwenyewe alivaa gauni la rangi ya majivu na viatu vyeusi, na hereni hata moja hana.

"Dada, unabeba rangi zote hizi na wewe umevaa kama wingu la Julai?" kijana wa kaunta alimtania.

"Ni za wateja. Mimi napamba nyumba za watu. Nikivaa nyekundu, mteja akiangalia ukuta ataona nyekundu yangu."

Hakutania. Kabati lake kule Riruta lilikuwa na magauni kumi na mawili basi: meupe, meusi, ya majivu. Akinunua jipya, la zamani linatoka. Mwaka wake wa kwanza kazini, gauni la manjano lilimponza. Mteja alikataa rangi nzuri ya ukuta eti inamtia kichefuchefu, kumbe ni mng'ao wa gauni. Toka siku ile, akaapa.

Kijana aliitwa Taib, mzaliwa wa Mombasa, mcheshi ajabu. Wiki mbili hazikuisha, simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nangoja kualikwa."

"Enda huko!"

Kila akipita dukani, Taib alimfungia kipande cha kitambaa. "Kitumie vizuri," alikuwa akimwambia. Naye alikishona, mto hapa, kiti pale, kisha akamtumia picha. Ndivyo walivyopendana.

Mwezi wa tano, Taib alimkabidhi leso nyekundu, nyeusi na nyeupe, imekunjwa ndani ya karatasi. "Imetoka kwa Mama. Itumie vizuri," akasema, macho chini. Haya zilimshika mwanamume! Jambo zito vile akalisema kama bei ya pazia. Kwao leso ile, kisutu, ni ya bibi harusi. Mama Kijakazi, aliyekuwa ameapa mwanawe hataoa Mkristo wa bara, alikuwa amekubali. Na nani angemweleza Joyline, mtoto wa Kakamega?

Joyline akaikata. Mito minne ya sebule ya mteja wa Loresho, na ilipendeza kweli.

Taib aliiona siku aliyopeleka mapazia nyumba ile. Mbwa wa mteja alikuwa ameulalia mmoja. Alasiri akapiga simu.

"Joyline, umekata kisutu cha Mama?"

"Ile leso? Si uliniambia niitumie vizuri? Hata picha nilikuwa nataka kukutumia leo."

"Mama anakuja Jumapili akuone umekivaa! Kukivaa ndilo lingekuwa jibu lako kwamba nikuoe."

"Aki Taib, ungeniambia tu! Mimi ningejulia wapi?"

"Ni kweli. Ningekwambia."

Joyline alilia mpaka kichwa kikamuuma. Jumapili aliazima gauni jekundu kwa rafikiye Wahu, likambana kwapani, akaenda nyumbani kwa mjomba wa Taib, mtaani Waithaka.

"Karibu, mgeni wetu," Mama Kijakazi alimpokea. Pilau ikaja, na sharubati. Joyline alipoinuka kukusanya vyombo, mama alimzuia mlangoni pa jikoni.

"Keti, mgeni. Tutaosha wenyewe."

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua, wala sikulaumu. Kisutu kile ndicho nilichoolewa nacho mimi. Kingine sina, na moyo umekataa kuikubali tena ndoa hii." Akalitazama lile gauni. "Taib aliniambia rangi huvai. Hilo umevaa kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Usingejisumbua."

Joyline akamtazama Taib. Neno moja tu lingetosha! Taib alitazama zulia.

Akamsindikiza hadi getini. "Nipe muda, roho yangu. Mama atapoa."

"Na asipopoa?"

Taib akashika komeo la geti.

"Nakupenda, Taib, mpaka inaniuma," Joyline alisema. "Lakini wewe hunyamaza pale pale pa kusema."

Akashika njia. Alitembea polepole makusudi, ili aitwe. Hakuitwa.