Mawe ya Hema la Adeng

Upepo wa Lodwar ukianza alasiri haumwonei mtu haya. Siku ile uliwavua askari kofia, ukapindua sufuria za wapishi, na mahema yote ya tamasha yakawa yanapigapiga huku watu wakikimbilia kamba. Yote isipokuwa moja. Hema la wakimbizi kutoka Kakuma lilisimama kimya, turubai limenyooka, hata pindo halikutikisika.

"Mimi nikifunga kitu nimefunga," alisema Ater, mpiga ngoma wao. Mwanamume akisimamisha hema moja, utamsikia wiki nzima.

Ilikuwa mwaka 1996. Adeng, kiongozi wa kwaya ya Wadinka kambini, alikuwa amepata kibali cha siku tatu kuwaleta waimbaji wake kwenye tamasha la nyimbo na ngoma. Alimleta na mwanawe Nyagoa, wa miaka sita. Katika jamaa zake wote waliotoka naye Sudan, mtoto huyo ndiye peke yake aliyebaki. Mumewe, Makuei, alichukuliwa na mto wakiwa njiani, Nyagoa akiwa bado mgongoni. Hakuacha picha wala shuka. Aliacha wimbo mmoja, alioutunga mwenyewe kumsifu ng'ombe wake mweupe, Mabior. Kwao wimbo wa namna hiyo ni mali ya mtu. Adeng hakuuimba kwenye kwaya hata siku moja. Alimwimbia Nyagoa tu akimlaza, ili mtoto amjue baba yake.

Asubuhi walipokuwa wakisimamisha hema, mchanga wa kando ya mto Turkwel ulikataa kushika vigingi. Ater akaona rundo la mawe chini ya kilima, yamepangwa vizuri, ya kadiri moja, akamshukuru Mungu. Usimcheke. Kwao, pande za Bor, ni tope jeusi na nyasi; mtu anaweza kuzeeka bila kujikwaa kwenye jiwe. Hakuna aliyejiuliza nani aliyapanga. Waliyabeba wote wakicheka, wakayapanga kuzunguka hema, na Nyagoa akabeba lake dogo la kuenea kiganjani. Jioni Adeng akamwimbia wimbo wa Mabior, wakalala.

Kesho yake saa sita mchana, jua likiwa limewafukuza watu wote kwenye vivuli vya mikoma, Adeng aliingia hemani kumwamsha Nyagoa ale. Kilichompokea mlangoni kilikuwa harufu: tumbako ya kutafuna, na ngozi kuukuu iliyopakwa mafuta. Halafu akasikia mtu akiimba wimbo, chini chini, sauti ya mzee, na mwanzo alidhani yuko nje, akachungulia nje, hakuna mtu, akadhani iko chini ya mkeka, akainama, na alipoinama ndipo alipoona kwamba mkeka umetulia na midomo inayotikisika ni ya Nyagoa, mtoto amelala chali, macho wazi, akiimba kwa koo la mwanamume maneno ya Kiturkana ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Nyagoa! Nyagoa, mama yako huyu!"

Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mpita njia. Mwili wake ulikuwa baridi, na hiyo ni Lodwar, saa sita mchana.

Walimpa dawa ya malaria, akaitema. Wakapiga magoti, Ater akaanza Baba Yetu, na walipofika katikati ile sauti ya mzee ikaingia taratibu na wimbo wake, ikapanda, mpaka mmoja baada ya mwingine wakajikuta wameacha sala na mikono yao inapiga makofi kuufuata, wala hawakujua wameanza saa ngapi. Ater ndiye aliyetoka kwanza. Habari ya kufunga hema hakuitaja tena.

Hapo alifika Nakuleu, mama wa Kiturkana aliyekuwa akiwauzia maziwa, kibuyu mkononi.

"Ejok, Mama Nyagoa," alianza kwa salamu ya Kiturkana, kisha akaona yaliyozunguka hema. Akarudi nyuma hatua mbili. "Hii mawe mlitoa wapi?"

"Kule chini ya kilima. Ni mawe tu, dada."

"Si mawe tu." Nakuleu alinong'ona. "Hiyo ni kaburi ya mzee. Sisi tukipita pale tunawekea yeye tumbako, tunasalimia. Nyinyi mmebomoa nyumba yake mkajengea yenu. Sasa yeye iko ndani na nyinyi."

Adeng alimshika mkono. "Nisaidie. Sina mwingine. Huyu tu."

Nakuleu alimleta Lokeno, mwaguzi, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Alivua kandambili zake za ngozi, akazirusha juu, akasoma zilivyoanguka. Akarusha tena. Mara ya tatu alimtazama Adeng kwa huruma, akasema na Nakuleu, na Nakuleu akatafsiri akiangalia chini.

"Anasema mawe yote irudi. Kila moja. Ikibaki hata moja, mzee atafuata jiwe yake."

"Na mbuzi? Tutachanga tununue mbuzi."

"Hataki mbuzi. Huyu mzee alikuwa mwimbaji. Watu wenye walijua wimbo yake walikufa wote. Jana alisikia wewe unaimbia mtoto wimbo ya ng'ombe mweupe. Anataka hiyo. Ukimpa, ni yake, wewe utakuwa huna. Ukinyima, anakaa na mtoto."

Adeng alikuwa ameuimba kwa Kidinka, tena kwa kunong'ona. Hakuna Mturkana aliyejua ni wa ng'ombe gani. Alilia, kwa hasira zaidi kuliko woga, maana aliona anaulizwa amzike nani: mtoto, au Makuei mara ya pili.

Kabla jua halijashuka mawe yalirudi. Kila mtu alirudisha aliyoyabeba. La Nyagoa alilishika Adeng. Kisha akasimama mbele ya rundo, mtoto mgongoni, akaimba, na kila mstari uliotoka mdomoni ulitoka kabisa, pembe za Mabior zikaenda, kengele yake ikaenda, majani ya asubuhi na jina la malisho na mahali Makuei alipokuwa akivuta pumzi yakaenda, naye anasikia yanavyomtoka na hawezi kuyashika, mpaka akabaki na mdomo wazi, anajua tu kwamba palikuwa na ng'ombe.

Mgongoni Nyagoa akapiga chafya. "Mama," akasema kwa Kidinka, "nina kiu."

Walirudi Kakuma. Mtoto alinenepa, akacheza, akasahau. Wiki ya tatu, alasiri, akiwa amejilaza, alisema, "Mama, niimbie wimbo wa baba."

Adeng alifungua mdomo. Palikuwa patupu.

Nje upepo ulianza. Maturubai ya majirani yakapigapiga, mtaa mzima. La kwao halikutikisika. Ikaja harufu ya tumbako na ngozi, na kutoka chini ya mkeka sauti ya mzee ikaanza, kwa Kidinka safi, pembe za Mabior, kengele yake, majani ya asubuhi, yote, bila kuruka neno.

Adeng alitazama kwanza midomo ya Nyagoa. Imefumbwa. Mtoto alikuwa anasikiliza, anatabasamu. Ndipo Adeng akainua pembe ya mkeka na kulitoa lile jiwe dogo, la kuenea kiganjani, ambalo siku ile mbele ya kaburi alilifunga kwenye pindo la shuka yake badala ya kulirudisha. Alijua alichokuwa anafanya. Mchungaji angemwambia alitupe, na Lokeno pia.

Alilirudisha palepale, akalala na kuliwekea sikio. Sauti ilipofika mwisho alikwenda dukani kwa Msomali, akanunua tumbako, akaja akaiweka juu ya jiwe.

"Ejok, mzee," alisema. "Anza tena mwanzo."

Ilianza tena. Safari hii, midomo ya Nyagoa ilikuwa inatikisika.