Virginie Aanza Chini

Siku ya soko Mushaki watu hujaa, na Mama Virginie, amejifunga liputa jipya la manjano, alikuwa akibishania bei ya maharagwe kwa raha zake. Nyuma yake mwanaume akacheka. Alikuwa Papa Jérôme, mfanyabiashara wa Butembo aliyefiwa na mke, mwenye koti safi na gitaa ndani ya lori lake.

"Hii sauti naijua. Njo wewe ulikuwa unaimba ku ndoa zote za Masisi."

"Niko naimba mpaka leo. Nani alikuambia nilikufa?"

"Pole, Mama. Gitaa yangu inatafuta mwimbaji."

"Gitaa ao mwenyewe?"

Virginie, mwenye miaka hamsini na tisa, na miaka kumi sasa bila mume, alirudi nyumbani akitabasamu peke yake. Tangu hapo Jérôme alimpigia simu kila asubuhi kabla lori halijaondoka.

"Allo, chérie. Umeamuka?"

"Ngombe zimeamuka. Mimi nangojea uniimbie."

Wakakubaliana kuimba pamoja kwenye ndoa ya Naomie, binti wa jirani. Wimbo wa kumpokea bibi harusi, Virginie alikuwa akiuanza kwa sauti ya juu tangu ujana wake, na hakuwa na mpinzani. Lakini miaka miwili hii kilele cha wimbo kilikuwa kikimponyoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku ya mazoezi Jérôme alifika mapema, akalegeza nyuzi za gitaa ili sauti ishuke, akaiomba kwaya ya kanisa ianze chini kidogo. Virginie alipoingia na kusikia gitaa, alielewa papo hapo. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Nani alikuambia nimeshindwa?"

"Hakuna muntu. Nilisikia mwenyewe ukiimba ku simu. Nilitaka kukusaidia."

"Ukaambia kwaya yote mbele ya kuniambia mimi. Unanisaidia kama mugonjwa?"

Akaondoka. Siku nne simu ikalia bila kupokelewa. Naomie akaanza kuogopa kwamba ataingia kanisani bila wimbo.

Siku ya tano Virginie alipanda peke yake hadi malishoni, akaujaribu wimbo kwa sauti ya juu. Sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika tena, akalia kidogo. Kisha kwa hasira akauanza chini kabisa, na ikatoka sauti nene, yenye joto, ambayo hakujua kama anayo. Akaipenda. Akaimba mpaka mwisho, kisha akatoa simu.

"Allo, Jérôme. Legeza nyuzi."

"Kama siku ile?"

"Kupita siku ile. Uliniogopea bure."

Kwenye ndoa aliuanza chini kabisa, na hata wanaume waliokaa nyuma walisimama. Naomie alilia mpaka poda ikamtoka. Walipotoka, Jérôme alimshika mkono mlangoni.

"Nitume wazee wangu kule Bihambwe, kwa ndugu zako, waombe ndoa?"

"Watume. Lakini usinifiche kitu tena. Uniambie mu macho, hata kama iko mubaya."

"Sawa. Sombe yenye unapika iko na chumvi mingi."

Virginie akamnyooshea kola ya koti.

"Hiyo," akasema, "unaweza kunyamazia."