Upande wa Baba

Saa nne asubuhi Kikuubo, soko la katikati ya Kampala, hakuna anayetembea. Watu husukumwa tu. Munirah alisukumwa na mchukuzi mwenye robota la vitenge kichwani, akatua kifuani kwa kijana mrefu aliyebeba roli za waya za umeme.

"Pole, nyabo. Au ulikuwa unanitafuta?"

"Nilikuwa natafuta ukuta. Nimepata."

"Ukuta una jina. Ramathan Odyek."

"Ramathan na Odyek, mtu mmoja?"

"Mama Muislamu, baba Mkristo, polisi wa Lira. Kambini tulisherehekea sikukuu zote."

Gurbaba ya njano ya Munirah, ile nguo ya kujitanda ya Wanubi, ilikuwa imenasa kwenye waya. Hadi walipoinasua, namba zilikuwa zimeshaingia kwenye simu.

Ikawa kila mchana: "Hajati, umekula?" Naye: "Afande, umenikamata na mdomo umejaa." Jumamosi walikula nyama choma Kabalagala. Mwezi wa saba Odyek akasema shangazi yake Atoo anakuja kuuliza ukoo. Kwao, kabla ya posa, lazima iulizwe ni magonjwa gani yako nyumbani kwa binti.

Wiki hiyohiyo Munirah alipapasa uvimbe kwenye titi.

"Kwenu nani aliugua saratani ya matiti?" daktari aliuliza.

"Upande wa mama, hakuna."

"Na wa baba?"

Munirah nusura acheke. Titi na baba wapi na wapi? Kisha akawakumbuka dada watatu wa baba yake, wote walioanza na uvimbe wa titi. Husnah, wa mwisho, alikufa na miaka thelathini na nne. Nyumbani ilisemwa ni uchawi wa wake wenza. Makaburi matatu ndani ya miaka kumi na moja, na wakubwa wa serikali wanaopita na ving'ora hawakumtuma hata karani kuuliza kulikoni. Daktari akamweleza: baba anaweza kubeba jeni yenye hitilafu, akamrithisha binti, mwenyewe asiugue kamwe.

Uvimbe haukuwa saratani. Lakini damu ilipopimwa, hitilafu ilikuwepo. Angeweza kuchunguzwa kila mwaka, au kuondolewa matiti yote mawili kabla ugonjwa haujaingia. Munirah alichagua kisu, tena kwa hamu. Shangazi zake walikufa bila kumjua adui. Yeye amemjua, na amemuwahi.

Alichoogopa ni kimoja: kumpoteza Odyek.

Odyek alipiga simu Munirah akiwa chumba cha vipimo. Akaipokea ili aseme atampigia baadaye, lakini sauti ya daktari ikatangulia: "Vua blauzi, ulale hapo."

"Munirah. Huyo mwanamume ni nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini kumtaja daktari ni kuutaja ugonjwa. "Mwambie shangazi yako asije."

Lakini Atoo akishapanda basi la Lira harudi nyuma. Jumamosi aliketi sebuleni kwa kina Munirah, Odyek kando yake kanuna, shati halijapigwa pasi.

"Tuseme wazi," Atoo alisema. "Upande wa mama yako, wanawake wana ugonjwa gani?"

"Hakuna," mama yake Munirah alijibu haraka. "Safi kabisa."

Swali liliishia hapo. Munirah angeweza kunyamaza akaolewa.

"Uliza na upande wa baba, shangazi," alisema.

Mama yake alimfinya. Munirah akasema yote: makaburi, damu, daktari, operesheni. Odyek aliinua uso.

"Kwa hiyo ile blauzi..."

"Aliyesema niivue ni daktari, afande. Ana miaka sitini na kitambi."

"Siku tisa nimemchukia mzee wa watu na kitambi chake." Akamgeukia Atoo. "Shangazi, ukikataa, nitamuoa bila wewe."

"Nani kakataa? Nimeuliza ukoo nyumba ishirini. Zote zilisema ni safi, na nusu ya mabibi harusi nimewazika." Atoo akamkazia macho Kasim, kaka yake Munirah, aliyekuwa akinyemelea mlango. "Wewe. Una mabinti?"

"Wawili, mama."

"Na wewe ni wa upande wa baba. Jumatatu kapimwe."

Odyek alihamia kochi la Munirah.

"Operesheni lini?"

"Tarehe kumi na nane. Odyek, nitakuwa bapa kama mkeka. Na mtoto nitamlisha kwa chupa."

"Chupa najua kuishika." Akamshika mkono, mbele ya wazee, bila aibu. "Tufunge ndoa tarehe kumi na saba. Wakiuliza wodini mimi ni nani, nataka niwe na jibu."