Ugomvi wa Sufuria na Vifuniko

Siku za Teta zilifanana mpaka jua lilipoanza kuteremka upande wa Bukavu, kule Congo. Akitoka shule alivua sare, akachota maji kwenye bomba la ua, akaosha vyombo vya mchana na kufagia mlangoni. Akishamaliza alikimbilia kwa jirani yao Maman Jules kuwahi nafasi ya mbele, kwa sababu katika ua wao wote, pale Kamembe, televisheni ilikuwa moja tu.

Kipindi alichokifuata kiliitwa Mabibi wa Ghorofani. Wanawake sita matajiri walikaa katika nyumba moja yenye bwawa la kuogelea, na kazi yao ilikuwa kuudhiana. Waliwahi kugombania kitana wiki nzima. Teta alipenda hasa pale Madamu Shantal alipomwendea Madamu Belinda na kumwambia mambo aliyosemwa. Hapo uso wa Belinda ulijaa kioo kizima, muziki ukapigwa, na watu wote kwa Maman Jules wakaacha kutafuna karanga.

Mapenzi hayo yalimfuata Teta hadi darasani. Mwalimu Habumugisha alipowaambia wanafunzi wake wa darasa la sita waandike insha juu ya mtu wanayemheshimu, Teta alijaza kurasa mbili juu ya Madamu Shantal, hasa jinsi alivyomwagia mwenzake juisi kwenye viatu bila hata kuinuka kitini. Mwalimu aliirudisha insha ikiwa na maneno matatu ya wino mwekundu: "Tafuta mtu mwingine."

Kisha radi ikaharibu kila kitu. Ilipiga karibu na nguzo ya umeme, televisheni ya Maman Jules ikatoa moshi kidogo na kunyamaza. Fundi wa mjini alisema kifaa cha kuitengenezea lazima kitoke Kigali, na hakusema kitatoka lini. Jioni zikawa ndefu. Watu walikaa nje wakichambua maharage na kuzungumzia maharage. Teta aliona kama atakufa kwa uchovu wa amani.

Ndipo siku moja Maman Mutoni akamtuma arudishe bakuli kwa Maman Jules.

Wanawake hao wawili walikuwa majirani na washirika wa kazi. Maman Jules alikuwa mnene, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Maman Mutoni, ambaye binti yake Mutoni aliketi dawati moja na Teta, alikuwa mwembamba na mchache wa maneno. Walipika pamoja kwenye arusi na ubatizo. Maman Jules alinunua nyama na kuwasimamia watu wa moto, Maman Mutoni alishika mwiko. Walikuwa na sufuria kubwa walizonunua pamoja, na ilijulikana Kamembe kwamba wakipika hao wawili, hakuna mgeni atakayeaga mapema.

Maman Jules alipokea bakuli, akauliza kama rafiki yake ameipenda sombe, yale majani ya muhogo aliyompelekea. Ukweli ni kwamba Maman Mutoni alikuwa ameila yote na kusema majani yalitwangwa vizuri sana. Teta alifungua mdomo aseme hivyo hivyo. Lakini ukweli huo haukuwa na muziki. Akainamisha kichwa, akashusha pumzi kama Madamu Shantal, akanong'ona kwamba labda asiseme.

Hapo Maman Jules asingemwacha aondoke hata kwa dawa.

"Amesema unapika kwa mdomo kuliko kwa mkono," Teta akasema.

Uso wa Maman Jules ukajaa mlango mzima. Teta alihisi moyo ukimdunda kwa furaha. Akavuka ua, akamweleza Maman Mutoni, kwa masikitiko makubwa, kwamba Maman Jules anashangaa jinsi anavyotembea uani kama vile mawe ya humo aliyapanga yeye. Maman Mutoni alichukua kisu na kuanza kukatakata kitunguu mpaka kikawa maji.

Mambo yakaenda mbio kuliko Teta alivyotarajia. Kwanza salamu zilikatika. Kisha Maman Jules akaanika mashuka yake kwenye upande wa kamba ambao siku zote ulikuwa wa Maman Mutoni. Maman Mutoni akayashusha, akayakunja kwa unadhifu wa kutisha, akayaweka mlangoni kwa mwenyewe yakiwa bado yanachuruzika maji. Kila jioni Teta alipita kwa mmoja na kwa mwingine, akaacha neno hapa na neno pale, na maneno hayakumwishia, kwani Mabibi wa Ghorofani walikuwa wamemwachia akiba ya kutosha.

Ijumaa bomu likalipuka. Wanawake wawili walisimama katikati ya ua, kila mmoja ameshika kiuno chake. Watu wa ua wa pili walikuja na vigoda vyao. Mtu alileta karanga. Teta alikaa mbele, magoti yamekutana, akiona fahari kama mtu aliyeandaa sherehe.

Mwanzoni watu walicheka. Ilipofika zamu ya sufuria, kila mmoja alidai kwamba ni zake, mwishowe Maman Jules akabeba sufuria zote na Maman Mutoni akakusanya vifuniko vyote. Walivikokota vyombo hivyo hadi milangoni mwao kwa kelele za bati, na kicheko cha watu kikapanda. Lakini Maman Jules alikuwa hajamaliza. Aligeuka mlangoni, jasho likimtiririka.

"Leo unanitukana," akasema. "Siku ile umevuka kutoka Congo na mtoto mugongoni, nani alikupatia mkeka wa kulalia?"

Maman Mutoni aliviweka vifuniko chini kimoja kimoja, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akaingia ndani na kufunga mlango. Teta alisubiri matangazo ya biashara, yale yanayokuja kila mtu anapolia, ili yakiisha watu wawe wamekaa upya na kujipaka poda. Hayakuja. Watu waliinua vigoda vyao wakaondoka bila kutazamana.

Asubuhi yake Mutoni alimkuta Teta bombani. Alimwambia kwamba mama yake amempigia simu mjomba, nao watahamia kwake Nzahaha mwezi ukiisha, kwa sababu hawezi kukaa ua mmoja na mtu anayemhesabia mkeka. Shule itakuwa huko huko. Teta alijaribu kumchekesha kwa kumwigiza Madamu Belinda. Mutoni alichukua ndoo yake ikiwa nusu na kwenda zake.

Pigo la pili lilikuja Jumatatu. Shangazi yake Teta, Véronique, alikuwa anaolewa Jumamosi, na wapishi wale wawili walikuwa wameshaagizwa zamani. Véronique alipokuja kukamilisha mipango, Maman Jules alimwambia kwamba atakuja ikiwa yule mwingine haji. Maman Mutoni alimwambia vivyo hivyo, kwa sauti ndogo zaidi. Baba yake Teta, mzee Kayitare, alikuna kidevu, akapendekeza wageni wapewe soda na mkate. Véronique aliketi juu ya gunia la mchele wa Bugarama, akaanza kulia kimya kimya, akisema watu wa bwana arusi watamsema mpaka azeeke.

Teta aliyaona yote kutoka mlangoni. Alifikiri kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Akafikiri juu ya dawati lenye nafasi tupu. Akaenda kusimama mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, maneno yale hayakusemwa na mtu," akasema. "Niliyasema mimi."

Véronique alimsikiliza mpaka mwisho, kamasi zikimtoka Teta kuliko maneno. Hakumpiga wala hakumfokea. Alijifuta macho, akamshika mkono, akawaita wanawake wawili uani. Walikuja na kusimama mbali mbali, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Teta aliungama. Ajabu ni kwamba hakuna aliyemwamini. Uongo wake waliumeza bila kutafuna, ila ukweli uliwakwama. Maman Jules alisema mtoto ametumwa na yule pale ili aombewe msamaha. Maman Mutoni alisema mtoto ametishwa na yule kule. Ilibidi Teta alete ushahidi.

"Lile la kupika kwa mdomo, Madamu Shantal alimwambia Madamu Belinda siku ya kitana," akasema. "La kutembea kama aliyepanga mawe, ni Belinda alipojibu. Wewe ulikuwepo, Maman Jules. Ulicheka hadi ukamwaga chai."

Maman Jules alikuwa amekitazama kipindi hicho mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amejipiga mapaja kwa furaha. Akaketi kwenye jiwe la kufulia na kuficha uso kwa pembe ya kitenge.

"Kumbe yalikuwa matamu vile," akasema polepole, "sababu yalikuwa ya muntu mwingine."

Véronique alitaka kucheka, lakini Maman Mutoni hakucheka, naye Maman Jules aliliona hilo. Alisimama na kumwendea, nyayo zake nzito zikiburuza.

"Mengine ni ya televisheni," akasema. "Ile ya mkeka haikutoka ku televisheni. Ilitoka kwangu. Unisamehe, dada yangu."

Maman Mutoni akasema kwamba mkeka wenyewe ulikuwa na matundu, na kwamba hakuwahi kulala vizuri maishani kama usiku ule. Akaingia ndani, akatoka na vifuniko. Mutoni, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia, alitoka akibeba kile kikubwa kuliko vyote kichwani kama kofia.

Jumamosi moshi ulipanda uani tangu alfajiri. Teta alipewa adhabu ya kusugua masizi ya sufuria zote, zilizotumika na zilizokuwa zikisubiri, wakati wenzake wakicheza ngoma upande wa hema. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Maman Mutoni alikuja kukagua, akapitisha kidole ndani ya sufuria moja, akachuchumaa kando yake.

"Mtoto yangu, sikiliza," akasema. "Bale ba ku televisheni banalipwa juu ya kugombana. Bakimaliza, kila muntu anaenda kwake. Siye tukimaliza, asubuhi tunakutana ku robine moja ya maji, na ndoo zetu. Kabla ya kubeba neno la muntu, jiulize kwanza: ni kweli? Na ikiwa ni kweli, litasaidia nani? Na sisi wakubwa tulikosa. Hakuna hata mumoja alivuka ua kuuliza."

Teta aliitikia kwa kichwa. Maman Mutoni alimwongezea majivu ya kusugulia, akarudi kwenye mwiko wake.

Jua lilipokuwa juu, wageni wa upande wa bwana arusi waliketi. Teta alinawa, akavaa gauni lake jipya, akapewa kazi ya kuwapelekea maji ya kunawa mikono. Mama mmoja mwenye kilemba kikubwa, shangazi wa bwana arusi, alimshika mkono na kumvuta karibu. Macho yalimng'aa. Alitaka kujua wale wapishi kule nyuma wanasema nini juu ya wageni, juu ya mavazi yao, na hasa juu ya kilemba chake.

Teta alimtazama yule mama. Kwa kweli Maman Jules alikuwa amesema jambo juu ya kile kilemba, na lilikuwa jambo la kuchekesha sana.

"Wanasema chakula kiko tayari," Teta akajibu, akamwagia maji mikononi.