Sauti Imefika, Mwenyewe Hajafika

Siku ya gulio, soko la Lushoto lilikuwa halina pa kukanyaga. Kabichi zilipangwa hadi njiani, vikapu vya plamu vimebebana, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Mwanasha binti Omari alikuwa ameketi nyuma ya plamu zake, kanga kaitupia mabegani juu ya sweta ya kijani, akimwambia mteja mmoja kwamba tunda halibonyezwi kama shavu la mtoto. Hapo ndipo alipoona chuma kimesogezwa mbele ya mdomo wake.

Mwenye chuma alikuwa kijana mrefu. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ikawa na makali, soksi nyeupe zilifika magotini, na kofia ya kiua ilikaa vizuri kichwani. Begani alining'iniza sanduku zito lenye waya.

"Endelea tu, dada," alisema. "Sema kama ulivyokuwa unasema."

"Ondoa chuma chako mdomoni mwangu. Nani kakutuma, watu wa matuta?"

Wanawake wa jirani wakainamia vikapu vyao. Miaka ile Serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa milimani kulima kwa matuta, na aliyekaidi aliitwa barazani kutozwa faini. Mgeni mwenye maswali aliogopwa kuliko chui.

"Mimi si mtu wa matuta," kijana akajibu. "Naitwa Mbaraka, kwetu Mlalo. Nasomea utangazaji wa redio pale chuoni juu. Tumetumwa kukusanya sauti za soko."

"Kwa hiyo sauti yangu imo humo sandukuni?"

"Imo, kwenye utepe."

"Itoe."

"Nikinunua kikapu kizima cha plamu, utaniachia?"

"Ukinunua nitakuachia plamu. Sauti ni yangu."

Alinunua kikapu kizima. Gulio lililofuata alirudi bila sanduku, akanunua tena. Shangazi Mwanaidi, aliyeuza viazi pembeni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ama anapika jamu, ama anatafuta mke."

Basi wakazoeana. Jioni, Mwanasha akirudi nyumbani, Mbaraka alimsindikiza hadi kwenye daraja dogo, shangazi akiwafuata kwa nyuma na kukohoa kila walipokaribiana.

"Darasa letu limetundikwa mablanketi ukutani," Mbaraka alimweleza siku moja.

"Mnasoma au mnalala?"

"Ni ya kuzuia mwangwi, plamu yangu. Bila blanketi sauti hugonga ukuta ikarudi. Kazi zitakazokuwa nzuri zitapelekwa Dar es Salaam, zikasikike nchi nzima. Na mwalimu anasema kwao Ulaya redio nyingine zina picha, unamwona anayesema."

"Na mnafundishwa kusema kila kitu vizuri?"

"Kila kitu."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Mtu aliyesomea kusema vizuri, nitajuaje anaposema kweli?"

Mbaraka akacheka. Mwanasha hakucheka. Kwao shaka ilikuwa kama moshi jikoni; mtu alizaliwa akaikuta.

Aliyekuwa na shaka zaidi ni baba yake, Mzee Omari. "Mtu anayekusanya maneno ya watu," alisema, "anampelekea nani?" Kulikuwa na watu wa Tanga waliokwisha kumposa Mwanasha, kwa niaba ya mfanyabiashara mmoja mtu mzima aitwaye Saidi. Mwanasha alimwona mara moja tu, na alichokumbuka ni viatu. Hata hivyo mzee alimpenda binti yake, akatoa sharti: Mbaraka alete wazee wake Ijumaa baada ya swala. Asipowaleta, Jumamosi atapiga simu Tanga na kuwajibu wale kwamba amekubali.

"Ijumaa nitakuwa hapa na baba mdogo," Mbaraka alimwambia pale darajani. "Kesho kutwa nakwenda Mlalo kumchukua."

"Usiniahidi vizuri. Niahidi kweli."

"Kweli, mpenzi."

Ijumaa ikafika. Mwanasha akapika wali, akatandika mkeka mpya, akachemsha chai ya tangawizi. Swala ikapita. Alasiri ikapita. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

"Mvua imenyesha sana upande wa Mlalo," Shangazi Mwanaidi alisema.

"Mvua haimzuii mwenye nia, shangazi."

Akajifunga kanga, akateremka posta, akaomba apigiwe chuoni. Simu ilipokelewa na mlinzi.

"Halo. Namtafuta Mbaraka wa Mlalo, yule wa redio."

"Huyo hayupo, dada. Kaondoka jana kwa basi, yeye na Bi Efrazia."

"Bi Efrazia ni nani?"

"Anasoma naye. Yule mwenye sauti ya asali. Wale hawaachani, kila kazi wanapangwa pamoja."

"Wamekwenda wapi?"

Simu ikakoroma, ikakatika. Mwanasha akabaki na mkono wa simu sikioni. Mbaraka alimweleza habari za mablanketi, za waya, hata za picha za Ulaya. Ya sauti ya asali hakuisema hata siku moja.

Alimfuata baba yake hotelini kwa Mzee Yohane, mahali ambapo wazee walikunywa chai wakisubiri habari za redio. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikalitusi. Hata kabla hajamwamkia baba yake, redio ikasema kwamba jioni hii Dar es Salaam inawaletea wanafunzi wa utangazaji kutoka milima ya Usambara. Kisha ikaja sauti aliyoijua kama anavyoujua mlango wa kwao.

"Habari za jioni, wasikilizaji. Mimi ni Mbaraka."

"Na mimi ni Efrazia," mwanamke akadakia, na kweli ilikuwa asali. "Tuko pamoja nanyi jioni hii."

Mzee Omari akaweka kikombe chini taratibu. "Si ndiye huyo?" akauliza.

"Ndiye, baba."

"Mkeka wetu mtupu, naye yuko Dar es Salaam anawasalimia watu."

Mwanasha akakaza fundo la kanga yake. "Wapigie watu wa Tanga," alisema. "Waambie waje."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Akageuka aondoke. Nyuma yake redio ilikuwa sasa inanguruma kelele za soko, kuku, watu wakiitana. Kisha mwanamke mmoja akasema kwa ukali, "Ondoa chuma chako mdomoni mwangu. Nani kakutuma, watu wa matuta?"

Vikombe vyote vikasimama hewani. Mzee Yohane aliitazama redio, akautazama mdomo wa Mwanasha, akairudia redio. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"Mwanasha," baba yake akaita polepole, "unasemaje huko Dar es Salaam, na wewe umesimama hapa?"

Mwanasha akaigeukia redio. Iliendelea kusema kwa sauti yake: sasa alikuwa anadai sauti yake itolewe sandukuni. Alikumbuka ukungu wa asubuhi ile na kikapu cha kwanza. Ikiwa yeye alikuwa Dar es Salaam jioni hii bila kuinua mguu, basi na Mbaraka vilevile huenda hayuko huko. Lakini shaka ya kuzaliwa nayo haifi kwa pigo moja. Kutokuwa Dar es Salaam si kuwa njiani na wazee. Na lile basi?

"Baba, Tanga usipige kwanza."

"Sasa hivi tu umesema nipige."

"Nimesema. Lakini sanduku ndilo lililonijibu, na mimi namtaka mwenyewe."

"Nitapiga kesho adhuhuri," alisema Mzee Omari. "Zaidi ya hapo nitakuwa nakuharibia."

Jumamosi, jua likiwa limepanda vizuri na mzee akiwa amekwisha kuvaa kanzu ya kuendea posta, watu wawili walipanda njia ya nyumbani kwake. Mmoja alikuwa Mbaraka, hana soksi, kaptula imejaa tope hadi kiunoni. Wa pili alikuwa baba yake mdogo, Mzee Mosi, mnene, anahema kama mvukuto.

Mwanasha alimwamkia mzee kwa heshima, kisha akamsimamisha Mbaraka uani.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Njiani. Mlima umeporomoka, basi limebaki ng'ambo. Tumelala kwa watu, tumekata milima kwa miguu."

"Jana jioni ulikuwa redioni na Bi Efrazia. Mji mzima umekusikia."

"Wameicheza?" Uso wa Mbaraka ukang'aa, kisha akamwona Mwanasha alivyo, nuru ikazimika. "Ile tuliisema mwezi uliopita, asubuhi, sijanywa hata chai. Tunafundishwa kutaja saa ya msikilizaji, si saa yetu. Yeye akiwa jioni, na wewe useme jioni."

"Na Mlalo ulikwenda naye kwa basi."

"Kwao ni Mlalo. Mumewe alimpokea huko, na jana akatusindikiza njiani."

"Mume gani? Hukunitajia mke wala mume."

Mzee Mosi, aliyekuwa bado anatafuta pumzi, akainua mkono. "Binti, huyo mume ndiye aliyenivusha mtoni kwa mgongo. Na mimi unaniona nilivyo. Mtu hambebi mzee wa mwizi wa mke wake."

Shangazi Mwanaidi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ingekuwa ile redio yenye picha," Mwanasha akasema, "nisingelala macho."

"Ungeniona nina njaa, mpenzi."

Wazee wakaketi mkekani. Mzee Mosi akatoa posa kwa Kishambaa, kwa maneno marefu ya adabu, na Mzee Omari akasikiliza bila kufumba jicho. Mwisho, kama desturi, shangazi akaingia ndani kumuuliza binti. Binti akinyamaza, amekubali.

Shangazi akatoka. "Amenyamaza," akasema.

"Alhamdulillahi," wakaitikia.

Mlango ukafunguka. Mwanasha akatoka katika kanga mpya nyekundu, akasimama mbele ya mkeka, jambo ambalo hakuna binti wa nyumba ile aliyewahi kulifanya.

"Sikunyamaza, shangazi. Nilikuwa nafunga kanga." Akawatazama wazee, kisha akamtazama Mbaraka. "Jana sauti yangu ilisema mahali ambapo mimi sikuwapo. Leo nataka iseme nilipo. Nimekubali."

Mzee Omari akamgeukia kijana.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia, baba."

"Na lile sanduku lako umekuja nalo?"

"Sikuja nalo."

"Vizuri," alisema Mzee Omari, akaanza kuvua ile kanzu ya kwendea posta. "Basi hiyo utaihifadhi kichwani."