Aliyengoja Kuitwa

Kila Jumapili, fundi cherehani aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Mchungaji akimaliza tu kutoa baraka, yeye huyo, mkoba kwapani, ameshatoka. Waumini wenzake wakampachika jina: Mama Haraka.

Jamani, mama huyu hakuwa na haraka yoyote. Alikimbia aibu ya kusimama nje peke yake, huku wengine wakicheka na kuulizana habari za nyumbani.

Alikuwa na miezi minane katika mji huu. Alihamia kwa sababu ya kazi ya mumewe, dereva wa lori. Mume akiwa safarini, nyumba ilikuwa kimya. Mama alishona, akapiga pasi, akashona tena. Aliwakumbuka wanawake wa kanisa lake la zamani. Walikuwa wakishona pamoja, wakiomba pamoja, wakitaniana mpaka mbavu zinauma.

Jumamosi moja asubuhi, jirani yake muuguzi alileta sare.

"Dada, zipu hii imenishinda. Niokoe, Jumatatu niko zamu."

"Kaa, haichukui muda."

"Kesho tuongozane kanisani, basi."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Kesho siendi. Wala Jumapili nyingine. Nimechoka kuwa mgeni. Nikienda, nisipoenda, nani anajua?"

Muuguzi alishtuka. "Mbona hujaja kwenye kikundi chetu cha ushonaji? Tunashona nguo za watoto wachanga wa wodini."

"Sijaitwa."

"Hujaitwa? Mzee wa kanisa anatangaza kila wiki: wote karibuni!"

"Hiyo ni karibu ya adabu tu. Kule nilikotoka, mwenyekiti anakuja nyumbani kwako, anakuita kwa jina. Ukijipeleka mwenyewe, unajipendekeza."

Muuguzi alipiga makofi kwa kicheko. "Makubwa! Na sisi tulidhani unatudharau, fundi mzima wewe! Hapa karibu ndiyo mwaliko wenyewe. Tena aliyekuita ni Kristo. Sisi tunapanga viti tu."

Fundi hakucheka. "Nikiingia wakanyamaza je?"

"Waambie: mimi ni mgeni, najua kushona, naomba kukaa nanyi. Inatosha. Tunakutana leo saa nane."

Saa nane fundi alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma ya kanisa. Alisema maneno yale matatu. Kweli, wakanyamaza.

Kisha mama mmoja mwenye miwani aliinua kishati kidogo. "Mgeni, Mungu amekuleta. Hebu tazama. Nimeshona mkono penye shingo!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Fundi aliketi, akafumua, akamwonyesha namna ya kuanzia begani. Kabla ya kuachana waliomba. Kila mmoja alitaja mzigo wake. Zamu yake ilipofika, fundi alisema neno moja tu: "Upweke." Mama wa miwani akamshika mkono, na hakuuachia mpaka amina.

Tangu siku hiyo hakukosa, mpaka homa ilipomlaza. Mume alikuwa safarini. Jumamosi ile fundi alilala akitazama saa ukutani. Saa nane ikafika. Alijua sasa wanaanza kushona, na moyo ulimuuma.

Saa tisa hivi alisikia hodi. Muuguzi aliingia, na nyuma yake wanawake wanne na mafurushi ya vitambaa.

"Leo tunashonea hapa," alisema muuguzi, akimpima joto kwa kiganja. "Usiinuke."

Fundi alilia mbele yao waziwazi. "Nilidhani mtaendelea tu bila mimi."

"Tulijaribu," alisema mama wa miwani, akitafuta pa kukaa kitandani. "Tumeharibu mashati matatu."