Kipande Kingine cha Mkate

Kila Agosti, ufuko wa mtoni kijijini kwetu hujaa kama nyumba ya harusi. Akina bibi hukaa kwenye viti vya kukunja, wakimsema kila mtu, kuanzia mwoka mikate hadi padri. Watoto nao hungoja. Kwetu hakuna bibi anayemruhusu mtoto kuingia majini kabla ya saa nzima kupita tangu ale.

Noémie, msichana wa miaka kumi na miwili, aliipenda sheria hiyo kuliko wenzake wote. Siku moja, saa ilipokaribia kwisha, alimega tena mkate na jibini, akatafuna.

"Unakula tena?" alicheka rafiki yake, Capucine. "Bingwa, ule mwamba wa ng'ambo utaufikia lini? Krismasi?"

"Ningeenda sasa hivi, ila nimekula. Unamjua Bibi."

Ukweli ni kwamba Noémie hakujua kuogelea. Alikuwa amewadanganya wote kwamba huogelea hadi kwenye mwamba ule, hata mdogo wake wa miaka sita, Titouan, ambaye alimtangaza kila mahali: "Dada yangu ni samaki!"

Siku hiyo Titouan alijilaza juu ya godoro la upepo lililoelea majini, akajisukuma kwa mikono. "Dada! Njoo unikamate!" Mara mkondo ukalivuta godoro kuelekea kwenye kina.

Florent, mlinzi wa waogeleaji, alikuwa amewapa mgongo, akimfunga mtoto mmoja kidonda. Akina bibi waliona, lakini hakuna aliyeinuka.

"Noémie yupo, atamleta," alisema Capucine, akaendelea kujipaka mafuta.

Noémie aliingia majini hadi magotini, kisha hadi kiunoni. Miguu ikagoma. Godoro lilizidi kwenda.

"Sijui kuogelea!" alipiga kelele. "Niliwadanganya! Kaka Florent, Titouan anachukuliwa na maji!"

Florent alijitosa majini. Punde si punde alirudi amembeba mgongoni Titouan, aliyekuwa akilia: "Godoro langu!"

Noémie alisimama akisubiri kuchekwa. Capucine akamfunika taulo. "Mjinga wewe. Si ungeniambia tu?"

"Kumbe!" alisema Bibi Yvette, nyanya yake Noémie. "Na mimi nilidhani una minyoo! Mtoto gani anamaliza mkate mzima peke yake?"

Watu wakaangua kicheko, naye Noémie akacheka huku machozi yakimtoka. Ndipo Bibi akamvuta karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kutojua si aibu. Mimi nilijifunza kuogelea nina miaka thelathini, tena hapa hapa. Lakini leo sote tulikaa vitini kwa sababu tuliuamini uongo wako. Uongo wa mtu mmoja hulaza macho ya wengi. Ulipousema ukweli, ndipo tulipoamka."

Kesho yake Florent alimwita Noémie kwenye maji ya kina kifupi kwa somo la kwanza. Bibi, kwa mazoea, akamnyooshea kipande cha mkate.

"Hapana, Bibi," alisema Noémie, akikimbilia majini. "Nikila, nitachelewa."